JOHN GARAND: FUNDI ALIYEWAPA MAMILIONI SILAHA, AKABAKI NA MSHAHARA WAKE

Vijana wengi siku hizi wanavijua vita vya Bahari ya Pasifiki kwa sababu ya michezo ya video. Mchezaji hugeuka askari wa Kimarekani, akashuka ufuoni penye minazi, na mkononi ana bunduki ambayo kila zikimalizika risasi nane hulia kama kengele ndogo. Jina la bunduki hiyo, Garand, wanalitaja kila siku. Lakini kwamba Garand alikuwa binadamu, mtoto aliyefiwa na mama yake na aliyeanza maisha kwa kufagia sakafu ya kiwanda, ni wachache wanaolijua jambo hilo.

John Cantius Garand alizaliwa tarehe 1 Januari, 1888, karibu na mji mdogo wa Saint-Rémi katika jimbo la Quebec, nchini Kanada. Wazazi wake walikuwa wakulima wenye kusema Kifaransa, nao walijaaliwa watoto kumi na wawili. Mama alipofariki, baba aliwachukua wanawe wakahamia jimbo la Connecticut, Marekani. Mwaka ulikuwa 1899.

Huko ugenini kijana hakukaa sana chuoni. Aliingia katika kiwanda cha nguo, akawa mfagiaji. Kiingereza alijifunza papo hapo, katikati ya kelele za mitambo, na kila alipopata nafasi aliwatazama mafundi wakizitengeneza mashine. Kabla hajatimiza miaka ishirini, mfagiaji huyo alikuwa amekuwa fundi mashine kamili. Baadaye alikwenda Providence, akaajiriwa na kampuni ya Brown & Sharpe iliyosifika kwa vyombo vya kupimia na kukatia chuma. Burudani yake ilikuwa kulenga shabaha.

KAZI YA MIAKA KUMI NA SABA

Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, Garand alibuni bombomu jepesi, akalipeleka serikalini. Lilipendwa, ila vita vilikwisha kabla halijawa tayari. Hata hivyo wakubwa walikwisha kumtambua. Mwaka 1919 alipelekwa kwenye kiwanda cha silaha cha serikali mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, na mwaka uliofuata akawa raia wa Marekani. Kazi aliyokabidhiwa ilikuwa moja: kutengeneza bunduki ya askari wa miguu inayojijazia yenyewe.

Ili msomaji aelewe uzito wa kazi hiyo, tukumbuke bunduki za zamani zilivyokuwa. Askari akishapiga risasi moja, ilimbidi kuvuta komeo kwa mkono ili ganda litoke na risasi nyingine iingie. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Springfield ya mwaka 1903 ya Wamarekani, na Arisaka ya Wajapani. Hata wazee wetu wa K.A.R., waliopambana na Wajapani hao hao huko Burma mwaka 1944, walibeba Lee-Enfield ya Waingereza, nayo pia ilikuwa ya kuvutwa komeo.

Garand aliitumia nguvu iliyokuwa ikipotea bure. Sehemu ya gesi ya baruti iliyoisukuma risasi aliielekeza irudishe komeo nyuma, ganda likaruka nje, na risasi ya pili ikajipanga. Askari hakuwa na la kufanya ila kulenga na kufyatua. Kusema ni rahisi, kutenda ndiko kuliko kugumu. Bunduki ilitakiwa iwe nyepesi, istahimili matope na mchanga, na iweze kuundwa kwa wingi.

Alijaribu, akavunja, akaanza upya. Alikuwa na mshindani hodari, John Pedersen, na wote wawili walitumia risasi ndogo ya inchi 0.276. Mwaka 1932 Jenerali Douglas MacArthur, mkuu wa majeshi ya nchi kavu, aliikataa risasi hiyo kwa kuwa maghala yalijaa risasi za inchi 0.30. Pedersen akabaki nyuma. Garand alikuwa na mfano wa risasi kubwa, na ndio uliomwokoa. Mwezi Januari 1936 bunduki yake ilikubaliwa rasmi, ikaitwa M1. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo nne.

Si kwamba lawama zilikwisha. Mtambo wa kwanza wa gesi, uliokuwa kwenye ncha ya mtutu, ulileta matatizo. Magazeti yakanguruma, na wako waliotaka bunduki ya Melvin Johnson ichukue nafasi yake. Garand hakujibizana na mtu. Mtambo ulibadilishwa, gesi ikachukuliwa kupitia tundu dogo lililotobolewa chini ya mtutu, na mambo yakatengenea.

GUADALCANAL

Hapa ndipo michezo mingine ya video inapoupotosha ukweli, na ile iliyo makini inapousema. Askari wa Marine waliposhuka Guadalcanal, visiwa vya Solomon, tarehe 7 Agosti, 1942, wengi wao hawakuwa na Garand. Walikuwa na Springfield ile ile ya komeo, yenye risasi tano, kwa sababu M1 zilikuwa hazijawatosha. Zilifika kisiwani kwa wingi mwezi Oktoba pamoja na kikosi cha 164 cha jeshi la nchi kavu, kilichotoka North Dakota. Marine walipoona wenzao wanavyofyatua bila kupumzika, walizitamani. Kufikia vita vya Peleliu mwaka 1944 na Iwo Jima mwaka 1945, M1 ilikuwa bunduki yao ya kawaida.

Mwaka 1945 Jenerali George Patton aliisifu kwa maandishi kuwa haijapata kutokea zana ya vita iliyo bora kuliko hiyo. Hadi utengenezaji uliposimama miaka ya 1950, zilikuwa zimeundwa zaidi ya milioni tano.

Je, fundi alipata nini? Haki zake zote juu ya bunduki hiyo alikuwa amezikabidhi kwa serikali mwaka 1936, bila kudai hata senti kwa kila bunduki. Baraza la Kongresi liliwahi kuletewa mswada wa kumtunuku dola 100,000, lakini haukupita. Alipewa nishani mwaka 1944, akaendelea na mshahara wake wa mtumishi wa serikali mpaka alipostaafu mwaka 1953. Alifariki mjini Springfield tarehe 16 Februari, 1974, na humo ndimo alimozikwa.

Wako watakaosema alidhulumiwa, na wako watakaosema aliitumikia nchi iliyompokea alipokuwa mtoto asiye na mama. Lakini tusisahau kuwa kazi ya mikono yake ilikuwa silaha. Iliwarudisha vijana wengi wa Kimarekani kwa mama zao, na kwa idadi kubwa ikawanyima mama wa Kijapani wana wao. Kijana anayeusikia mlio ule mchezoni na aburudike, lakini ajue kwamba huko Guadalcanal aliyeanguka hakuinuka kuanza upya.