Abdur-Rahman As-Sufi, Aliyezihesabu Nyota kwa Macho Yake

Katika wanazuoni wa Kiislamu walioijua mbingu kwa kuitazama, hatumjui wa kutangulizwa mbele ya Abul-Husein Abdur-Rahman bin Umar As-Sufi. Alizaliwa Rayy, katika nchi ya Uajemi, mwaka 291 wa Hijra, yaani 903 wa Miladi, akafa mwaka 376 (986). Alifanya kazi yake chini ya Adhud ad-Daula, mfalme wa ukoo wa Buwaihi aliyetawala Shiraz na kisha Baghdad. Na mfalme huyo hakuona haya kuwa mwanafunzi wake.

Tumependa kumtaja kwa sababu siku hizi watu huikimbia miji yenye taa nyingi, wakaenda Wadi Rum katika Jordan au majangwa ya Oman, wakaketi mchangani usiku, kiongozi akawaonyesha nyota moja moja, nao wakazipiga picha. Ni jambo zuri. Lakini majina wanayotajiwa, Aldebaran na Altair na Rigel, wengi huyadhani ya Kizungu, nayo ni Kiarabu kilichopotoka ndimini. Aldebaran ni Ad-Dabaran, mwenye kufuata, kwa kuwa huifuata Thuraya, ambayo sisi twaiita kilimia. Altair ni tai arukaye. Mabedui waliyajua hayo kabla ya vitabu, kwani jangwani asiyejua nyota hupotea.

As-Sufi alitunga kitabu chake cha sura za nyota zisizohama mwaka 353 (964). Msingi wake ulikuwa kitabu cha Batlamyus Myunani, kilichomtangulia kwa miaka mia nane, chenye sura 48. Lakini aliwaona watu wa zama zake waliojiita wajuzi wa falaki wakinakili nyota kutoka katika vitabu na tufe zilizochorwa, pasipo kuinua macho. Mmoja akikosa, wa pili hulipokea kosa lile, na wa tatu hulifanya hoja. Hilo lilimchukiza. Akaichukua nyota baada ya nyota, akaipima mng'ao wake katika daraja sita, akataja rangi alipoiona, na palipokuwa na kosa akalisema wazi, hata likiwa la Batlamyus mwenyewe. Kando ya majina ya Kiyunani akaweka yale ya Mabedui, akaeleza ni nyota ipi hasa waliyoikusudia.

Kila sura aliichora mara mbili: kama aionavyo mtu aliyesimama ardhini, na kama ilivyo juu ya tufe, ambapo kulia hugeuka kushoto. Huenda msomaji akatuuliza khabari ya michoro hiyo ya watu na wanyama. Twaona makusudio yake ni dhahiri: umbo ni chombo cha kukumbukia mahali pa nyota, na mtu aliyeko jangwani gizani hana budi kuwa na alama.

Katika kitabu hicho alitaja wingu dogo karibu na mdomo wa samaki, katika sura ya Mwanamke Aliyefungwa Minyororo, ambayo Wazungu huiita Andromeda. Huko ndiko kutajwa kwake kwa kale zaidi kunakojulikana, na darubini haikuelekezwa mbinguni ila baada ya miaka mia sita na zaidi. Katika miaka ya 1920 ndipo ilipothibitika kuwa wingu lile ni jamii kubwa ya nyota iliyo nje ya hii yetu, ambayo nuru yake hutufikia baada ya miaka kama milioni mbili na nusu. Wapiga picha wa usiku huitafuta sana. Yeye aliiona kwa macho matupu.

Hatumpambi kwa asiyokuwa nayo. Mahali pa nyota katika duara la buruji hakupapima upya kwa kila moja; alizichukua hesabu za Batlamyus, akaongeza juu ya zote daraja 12 na dakika 42 kwa ajili ya miaka iliyopita. Basi hata yeye, katika mlango huo, alifuata. Nguvu yake ilikuwa katika mng'ao, na hapo wataalamu wa falaki wa zama hizi bado humrejea.

Tufe la fedha alilomtengenezea Adhud ad-Daula lilionekana katika maktaba ya Cairo mwaka 435 (1043), yeye amekwisha fariki zaidi ya nusu karne. Na juu ya mwezi liko bonde la duara lililopewa jina lake, ingawa kwenye ramani limeandikwa Azophi.