Todd Matshikiza: Mpiga Piano Aliyeshika Kalamu

Wengi wamjuao Todd Matshikiza wa Afrika Kusini humkumbuka kwa mchezo wa muziki uitwao King Kong. Ni haki yake. Lakini yafaa akumbukwe pia kwa kazi nyingine, ambayo katika nchi zetu haijapata heshima inayostahili, nayo ni kazi ya kuuandika muziki.

Alizaliwa Queenstown mwanzoni mwa miaka ya 1920, akasomea muziki na ualimu, kisha akafundisha Lovedale. Mwaka 1947 alihamia Johannesburg, akawa akifundisha piano na kupiga jazi pamoja na Harlem Swingsters. Muziki peke yake haukutosha kuendesha maisha. Aliwahi hata kuuza nyembe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alijiunga na jarida la Drum, akawa mhakiki wa jazi. Aliandika kama apigavyo piano, kwa mapigo na madaha, hata wenzake wakaupa mtindo wake jina la Matshikese. Serikali ya makaburu ilipoanza kuubomoa mtaa wa Sophiatown mwaka 1955, nyumba zilianguka. Lakini habari za waimbaji na wapigaji wa zama zile zilikwisha kuandikwa, na tingatinga haliwezi kuzifuta.

Hakuacha kutunga. Wimbo wake Makhaliphile ulimtukuza Padri Trevor Huddleston, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Masasi. King Kong ulioneshwa Johannesburg mwaka 1959, ukafika London mwaka 1961. Yeye na familia yake walikwisha kuhamia huko mwaka 1960. Kitabu cha maisha yake, Chocolates for My Wife, kilipigwa marufuku kwao.

Mwaka 1964 alikwenda Zambia, akafanya kazi ya utangazaji, halafu akakabidhiwa kuhifadhi kumbukumbu za muziki. Alifariki Lusaka mwezi Machi 1968, asiione Afrika Kusini huru.

Hapa pana somo kwetu. Zambia, taifa changa lenye shida nyingi, iliona vema kumpa mgeni aliyekimbia dhuluma dhamana ya kuutunza muziki wake. Visiwa vyetu vina taarabu na ngoma za kila mji, na wazee wazijuao wanapungua. Wahusika wa utamaduni wasingoje mazishi ndipo waandike tanzia. Mali bila daftari hupotea bila habari.