Mbaraka Mwinshehe: nyimbo nazo ni mirathi

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa mwaka 1944, na mji uliomfanya ajulikane ni Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru. Katika miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz, akawa mpiga gitaa la solo, mtunzi na mwimbaji wake mkuu. Mwaka 1970 bendi hiyo ilisafiri hadi Osaka, Japani, kupiga muziki kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka, akaunda bendi yake, Super Volcano.

Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, nchini Kenya. Alikuwa na miaka 34, umri ambao wengi wetu hatuwazi kabisa kuandika wosia. Lakini wimbo wake Shida haukuzikwa naye. Hadi leo unapigwa redioni.

Wimbo kama huo ni mali. Kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, mtunzi akifariki, haki ya kupata malipo ya kazi zake hudumu miaka 50 zaidi, na hurithiwa. Wewe huenda si mwanamuziki, ila una mali isiyoonekana kwa macho: pesa kwenye simu, akiba ya kikoba, deni unalomdai mtu. Usipoiandika, nani ataijua?

Wosia ni karatasi inayotaja mali, warithi, madeni na msimamizi unayemtaka. Weka tarehe na saini, mbele ya mashahidi wasiopungua wawili ambao si warithi. Unaweza kuuhifadhi RITA. Kwa Muislamu, wosia hauvuki theluthi moja ya mali. Iliyobaki hugawanywa kwa mafungu ya dini.

Waluguru wana jambo moja la kuangalia zaidi. Kwa mila yao, ardhi hufuata ukoo wa mama. Kabla ya kuandika shamba kwenye wosia, ulizia kwanza: ni lako, au la ukoo ulilopewa kulima tu?

Mtu akifariki, ndugu huchukua cheti cha kifo, hukaa kikao cha ukoo na kupendekeza msimamizi, kisha hufungua shauri la mirathi. Mirathi ya kimila na ya Kiislamu husikilizwa Mahakama ya Mwanzo. Tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, halafu mahakama humteua msimamizi.

Msimamizi si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia warithi haki zao, na kurudi mahakamani kutoa hesabu. Akijimilikisha nyumba au shamba, mjane na watoto wana haki ya kumlalamikia mahakama ileile iliyomteua, nayo inaweza kumwondoa.