Shekhar Mehta: Mfukuzwa wa Uganda aliyeshinda Safari Rally mara tano

Barabara inayotoka Goma kuelekea Rutshuru hupita Kanyaruchinya katikati ya mawe meusi ya volkano. Mei 22, 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka, uji wa moto uliikata barabara hiyo kaskazini mwa mji, na njia ikabidi ifunguliwe upya juu ya mwamba uliopoa. Kwenye mawe ya aina hiyo injini siyo inayochoka mapema. Kinachotangulia kufa ni kile ambacho kwa Kifaransa cha Goma kimezaa jina la amotisere, na ambacho fundi wa Dar es Salaam anakiita shokapu. Hasa zile mbili za nyuma, zinazobeba mzigo wote wa abiria, magunia na matairi ya akiba.

Miaka zaidi ya 50 iliyopita, upande wa pili wa Maziwa Makuu, kulikuwa na mtu ambaye maisha yake yote ya michezo yalitegemea vyuma hivyo. Jina lake Chandrashekhar Mehta, ingawa dunia nzima ya rali ilimfahamu kama Shekhar. Mpaka leo anatajwa kila Pasaka inapofika Nairobi, maana ndiye aliyeifanya Safari Rally ionekane kama shughuli ya nyumbani kwake.

Alizaliwa Kampala Juni 20, 1945, katika familia ya Wahindi wenye mashamba. Utajiri wa nyumbani ulimpa nafasi ya kuanza mchezo ambao si wa maskini: akiwa na umri wa miaka 21 alikuwa tayari anashindana akiendesha BMW. Lakini fedha hununua gari tu. Fedha hazimfundishi mtu kusoma barabara ya udongo mwekundu usiku wa manane, mvua ya masika ikinyesha, huku ng'ombe wamelala katikati ya njia. Hilo Mehta alilijifunza mwenyewe huko Uganda, na alilijifunza haraka.

Wakati huo mashindano yenyewe hayakuwa na umri mkubwa. Yalianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliitwa Safari kwa sababu yalikuwa safari kweli. Madereva walipita zaidi ya kilomita 5,000 kwa siku chache, kwenye barabara ambazo hazikufungwa, wakikutana na mabasi, baiskeli, punda na madaraja yaliyosombwa na maji. Magari mengi yalianza, machache yakafika. Kampuni za Ulaya zilileta madereva bingwa wao mwaka hadi mwaka na kurudi mikono mitupu, kwani hadi mwaka 1972, alipokuja Mfini Hannu Mikkola na Ford Escort, hakuna dereva kutoka nje aliyekuwa ameshinda.

Wajapani waliliona hilo mapema. Kampuni ya Nissan, ambayo magari yake yaliuzwa kwa jina la Datsun, iliitumia Safari kama uwanja wa kuonyesha kwamba gari la Japani si la kuchezea. Mwaka 1969 huko Japani ilitoka hata filamu nzima kuhusu rali hii na Datsun Bluebird. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, mkazi wa Kenya mwenye asili ya Ujerumani, akawapa ushindi na Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata wakaja na kitu ambacho watu wa Nairobi hawakukitarajia barabarani: gari la michezo, Datsun 240Z, lenye milango miwili, viti viwili, boneti ndefu na injini ya silinda sita ya lita 2.4.

Wengi waliliona kuwa gari la kutembelea mjini Jumapili. Lilikuwa chini, lilikuwa jembamba, na dereva alikaa karibu kabisa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo kila shimo lilimfikia mgongoni. Mwaka 1971 Herrmann alishinda nalo. Wa pili alikuwa kijana wa Kampala, Shekhar Mehta, akiwa na msoma ramani Mike Doughty, katika 240Z nyingine.

Siri ya gari hilo, na pia udhaifu wake, ilikuwa nyuma. Magari mengi ya siku hizo yalikuwa na ekseli moja nzito inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma, kiasi kwamba gurudumu moja likipanda jiwe, la pili nalo huinama. Kwenye 240Z kila gurudumu la nyuma lilijitegemea. Lilishikwa na mguu mmoja mrefu wa chuma uliosimama wima. Ndani ya mguu huo kulikuwa na shokapu, na springi ikauzunguka kwa nje. Gurudumu moja lingeweza kuingia kwenye mtaro huku lingine limetulia barabarani, na gari likaendelea kukaza mwendo.

Watu wengi hudhani kazi ya shokapu ni kubeba gari. Sivyo. Anayebeba ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi ikishabonyea, isirushe gari juu na chini kama mtoto kwenye kitanda. Ndani yake kuna pistoni inayopita kwenye oili kupitia matundu madogo, na nguvu yote ya mtikiso hugeuka kuwa joto. Kwenye lami joto hilo ni dogo. Kwenye barabara ya mawe, kwa saa kumi mfululizo, bomba la shokapu huweza kuunguza mkono. Oili ikipata moto hulegea, ikichanganyika na hewa hutoa povu, na pistoni ikipita kwenye povu haikutani na upinzani wowote. Hapo nyuma ya gari huanza kuruka. Tairi linaloruka haliendeshi gari, halifungi breki, wala halishiki kona.

Ndiyo maana timu zote kubwa za Safari zilibeba shokapu za akiba kwa wingi, na kuzibadilisha njiani kulikuwa kazi ya kawaida kama kubadilisha tairi. Ulaya nako tatizo lilikuwa limeshapata dawa: Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alibuni shokapu ya bomba moja yenye gesi ya shinikizo kubwa, ambayo haiiachi oili kutoa povu kwa urahisi, na kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ikaanza kuitengeneza katika miaka ya 1950. Kwa gari la safari ndefu tofauti kati ya shokapu ya oili tupu na ya gesi haikuwa ya starehe. Ilikuwa tofauti ya kufika na kutofika.

Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda na kuwapa siku 90. Maelfu kwa maelfu waliondoka na mizigo ya mkononi. Familia ya Mehta nayo ilikuwa miongoni mwao. Shekhar, aliyekuwa na miaka 27, alihamia Kenya, na tangu hapo bendera iliyoandikwa karibu na jina lake ikawa ya Kenya. Watu wa mashariki ya Kongo, ambao wengi wamewahi kufunga godoro na sufuria na kukimbilia Kanyaruchinya, hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Ni kweli kwamba Mehta hakulala kwenye hema, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini alipoteza nchi aliyozaliwa, na miezi michache baadaye alikuwa kwenye mstari wa kuanzia mjini Nairobi.

Mwaka huo, 1973, ulikuwa wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali, na Safari ilikuwa kwenye ratiba. Mehta alikuwa na 240Z na msoma ramani Lofty Drews. Mshindani wake mkali alitoka timu hiyohiyo ya Datsun: Msweden Harry Källström. Matokeo yalipojumlishwa, wawili hao walikuwa na adhabu sawa kabisa. Baada ya maelfu ya kilomita hapakuwa na hata dakika moja ya kuwatenganisha. Ikatumika kanuni ya kuvunja sare, ile inayompa ushindi aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu. Aliyekwenda mbali zaidi alikuwa Mehta.

Ushindi wa namna hiyo haupatikani kwa mguu mzito peke yake. Safari iliwatoa nje madereva waliokuwa na kasi kumpita Mehta, kwa sababu walilipiga gari mapema mno. Yeye alikuwa na akili ya mtu anayejua kwamba gari lina kiasi fulani cha mapigo na kwamba kila jiwe linapunguza akiba hiyo. Hilo ndilo lililomfaa zaidi miaka iliyofuata.

Mwaka 1979 alirudi kileleni, safari hii kwa gari ambalo hakuna mtoto angebandika picha yake ukutani. Datsun 160J lilikuwa na umbo la gari la karani: milango minne, buti la mraba, ekseli moja nyuma. Kiufundi lilikuwa hatua moja nyuma ya 240Z, na hapo ndipo ulipokuwa ujanja wake. Shokapu yake ya nyuma ilikuwa imesimama peke yake, bolti juu na bolti chini. Fundi angeitoa na kuweka nyingine bila kugusa springi, huku dereva akinywa maji. Mehta na Doughty walishinda 1979, wakashinda 1980, wakashinda 1981 na gari lililopewa jina la Violet GT, wakashinda tena 1982. Mara nne mfululizo. Rauno Aaltonen, Mfini mahiri ajabu, aliijaribu Safari kwa miaka mingi na hakuishinda hata mara moja. Mwaka 1981 Mehta alimaliza wa tano katika ubingwa wa dunia.

Mfululizo huo ulikatika 1983, Ari Vatanen aliposhinda na Opel. Enzi ya magari ya nguvu kubwa yanayosukumwa na magurudumu yote manne ilikuwa inaingia. Mehta aliendelea kushindana, mara nyingine mkewe Yvonne akiwa kando yake na ramani, na baadaye akaendesha Peugeot katika mashindano ya jangwani. Mwaka 1987, katika Rali ya Mafarao nchini Misri, alipata ajali mbaya. Alilazwa muda mrefu, na siku zake za usukani zikaishia hapo.

Hakuondoka kwenye mchezo. Aliingia katika uongozi na kufikia kuongoza tume ya rali ya shirikisho la dunia la michezo ya magari, FIA. Ni nafasi ngumu kwa mtu wa Nairobi, maana miaka hiyohiyo Safari ilikuwa inadhoofika: fedha zilipungua, barabara za wazi zilionekana hatari mno kwa macho ya Ulaya, na baada ya mwaka 2002 ikaondolewa kwenye ratiba ya dunia.

Gari lake la 1973 sasa linahesabiwa miongoni mwa magari ya kale yanayotafutwa sana. Tangu 2003 kuna East African Safari Classic, rali ya magari ya zamani, na 240Z huonekana humo. Wamiliki wake hukutana na kazi ileile waliyoifanya mafundi wa zamani, ila bila timu ya kiwanda. Kutoa shokapu ya nyuma ya gari hilo si mchezo. Mkono wa chini umeshikwa na pini moja ndefu inayopita ndani ya bushi, na baada ya miaka 50 pini hiyo huwa imeoza kwa kutu hata nyundo haiitoi. Fundi mwenye busara huiacha kwanza, akatoa mguu mzima kwa kufungua nati tatu za juu, ambazo zimo ndani ya gari, nyuma ya viti. Springi lazima ibanwe kwanza kabla ya kugusa nati ya katikati, vinginevyo hufyatuka kwa nguvu ya kuua. Shokapu mpya hutumbukizwa ndani ya bomba la zamani, na oili kidogo humiminwa kuizunguka ili joto lipate njia ya kutoka. Anayependa gari likae chini kwa urembo hujuta akifika kwenye mawe, kwa kuwa pistoni hugonga mwisho wa bomba. Gari la Safari huinuliwa.

Shekhar Mehta alifariki London Aprili 12, 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Rekodi yake ya ushindi mara tano ilikaa peke yake hadi 2018, Mkenya Carl Tundo alipoifikia, wakati Safari ikiwa bado nje ya ubingwa wa dunia. Mwaka 2021 ilirudi kwenye ratiba hiyo, ikafanyika Naivasha na vitongoji vyake, kwa hatua fupi zilizofungwa, bila mabasi na bila ng'ombe.