Laennec, munganga wa Ufaransa aliyeupa ugonjwa wa siroze jina lake

Wengi wanamjua René Laennec kama munganga aliyevumbua stetoskopu, chombo cha kusikilizia kifua cha mgonjwa. Wachache wanajua kwamba ndiye pia aliyeupa siroze jina lake, ugonjwa unaolijaza ini makovu hadi likawa gumu.

Laennec alizaliwa tarehe 17 Februari 1781 mjini Quimper, jimbo la Bretagne, magharibi mwa Ufaransa. Mama yake alifariki angali mtoto mdogo, naye akalelewa mjini Nantes na ndugu ya baba yake, Guillaume, aliyekuwa munganga. Kunako mwaka 1801 alienda Paris kusoma udaktari. Mmoja wa walimu wake alikuwa Corvisart, munganga wa Napoléon.

Wakati huo, mara nyingi wanganga waliona ugonjwa wa ndani ya mwili baada ya mgonjwa kufa, walipopasua maiti. Kunako mwaka 1816, kwenye hospitali Necker, Laennec alimpokea mwanamke kijana mwenye ugonjwa wa moyo. Mwanamke huyo alikuwa mnene, tena haikufaa mwanaume amuwekee sikio kifuani. Munganga akakunja karatasi kama bomba, na kupitia bomba hilo akasikia moyo ukipiga wazi kabisa. Kwa kuwa alijua kuchonga mbao, baadaye alijitengenezea bomba la mti.

Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1819. Ingawa kilihusu kifua, ndani yake alieleza pia habari ya mgonjwa mmoja ambaye tumbo lake lilijaa maji. Alipopasua maiti, alikuta ini limesinyaa na kujaa vinundu vya rangi ya manjano iliyoiva. Neno siroze alilitoa kwenye neno la Kigiriki linalotaja rangi hiyo. Yeye alifikiri vinundu vile ni uvimbe mpya unaoota ndani ya ini. Wanganga waliomfuata ndio walioonyesha kwamba ni kazi ya makovu.

Laennec aliaga dunia huko kwao Bretagne tarehe 13 Agosti 1826, akiwa na miaka 45. Aliuawa na kifua kikuu, ugonjwa aliowafundisha wengine kuutambua. Jamaa yake Mériadec, munganga pia, ndiye aliyemsikiliza kifua kwa stetoskopu.

Lakini makovu ya ini hayana sauti ya kusikilizwa. Katika karne ya 20, ili kuyaona wanganga walichoma sindano na kutoa kipande kidogo cha ini. Kazi hiyo inaumiza, na mara chache inaleta kutokwa damu.

Leo kuna njia nyepesi zaidi: hesabu mbili zinazoitwa APRI na FIB-4, zilizotolewa mwaka 2003 na 2006. APRI inatumia kipimo cha damu kiitwacho AST, pamoja na idadi ya chembe zinazogandisha damu. FIB-4 inaongeza kipimo cha ALT na umri wa mgonjwa. Ini likishakuwa gumu, bandama huvimba na kushika chembe nyingi, basi hesabu hupanda. FIB-4 ikiwa chini ya 1,45, huenda makovu mazito hayapo. Ikipita 3,25, kuna mashaka makubwa. Kati ya hapo, vipimo vingine vinahitajika.

Hesabu hizo hazisemi yote, ila zinafaa sana mahali ambapo mashine za bei kali hazipatikani. Mwenye hepatite B ya kudumu anaweza kuishi miaka mingi bila maumivu yoyote, huku ini lake likiharibika. Ni vizuri amuombe munganga wake amfanyie hesabu hiyo mapema, asingoje tumbo lijae maji kama la mgonjwa wa Laennec.