Habari za Daktari Albert Schweitzer, Aliyeanza Kazi Upya Akiwa Mtu Mzima

Katika sharika zetu wako watu wengi walioanza maisha kwa kazi moja, nao sasa wanashika nyingine. Karani amekuwa mwinjilisti, mwalimu ameingia biashara, askari ameweka silaha chini na kushika jembe. Tena wako wengine ambao hawajavuka bado. Hao hutujia jioni na kutuuliza kama ni halali kuacha kazi njema waliyo nayo, na kama mtu mwenye mvi za kwanza aweza kujifunza jambo jipya. Kwa hiyo tumeona vema kusimulia habari za Albert Schweitzer wa Lambaréné. Wengi wanamjua kuwa ni daktari. Si wote wajuao ya kuwa alipoingia darasa la udaktari alikuwa mtu wa miaka 30, naye alikuwa na cheo, nyumba na heshima katika kazi nyingine kabisa.

Alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 katika mji mdogo wa Kaysersberg, nchi ya Alsace, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Ujerumani na leo ni sehemu ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mchungaji, na mwaka ule ule jamaa yote wakahamia kijiji cha Günsbach. Kanisa la kijiji hicho lilitumiwa na Waprotestanti na Wakatoliki pia, kila watu kwa saa yao. Humo mtoto Albert alianza kupiga kinanda katika ibada akiwa na umri wa miaka 9. Alipokuwa kijana alisoma theologia na filosofia katika chuo kikuu cha Strasbourg, na mara kwa mara alikwenda Paris kujifunza kinanda kwa fundi mkuu, Charles-Marie Widor.

Mambo yake yote yalifanikiwa. Mwaka 1899 alipata shahada ya udaktari wa filosofia, na mwisho wa mwaka huo akaanza utumishi katika kanisa la Mtakatifu Nikolai pale Strasbourg. Mwaka 1902 alianza kufundisha theologia katika chuo kikuu, na mwaka 1903 akafanywa mkuu wa nyumba ya wanafunzi wa theologia ya Mtakatifu Thomas. Pamoja na hayo aliandika kitabu kikubwa juu ya Bach, mtunga nyimbo wa Kilutheri, kilichotoka mwaka 1905. Mtu wa namna hii hatafuti kazi. Kazi ndiyo imtafutayo.

Lakini moyoni alikuwa na neno ambalo hakulitangaza. Asubuhi moja ya Pentekoste mwaka 1896, alipokuwa likizo nyumbani kwa wazazi wake, aliona ya kuwa raha aliyo nayo si haki yake aipokee hivi hivi bila kutoa kitu. Akajiwekea sharti: mpaka miaka 30 ataishi kwa elimu na muziki, na baada ya hapo atawatumikia watu kwa mikono yake. Namna ya utumishi huo hakuijua. Alijaribu kuwasaidia watoto yatima, kisha watu waliotoka kifungoni, lakini hakuona mlango wake. Hata siku moja ya mwaka 1904 alikuta mezani pake gazeti la Misheni ya Paris, na ndani yake maneno ya Bwana Alfred Boegner kuhusu upungufu wa watumishi katika nchi ya Gabon. Alipomaliza kusoma, aliendelea na kazi yake ya siku ile kwa utulivu. Shauri lilikuwa limekwisha.

Tarehe 13 Oktoba 1905, akiwa Paris, alitia barua katika sanduku la posta, kuwajulisha wazazi na rafiki zake wachache ya kuwa ataanza kusoma udaktari apate kwenda Afrika. Hapo ndipo ghasia ilipoanza. Sisi wa huku twaijua vizuri ghasia ya namna hii. Mtu akiacha kazi ya kalamu, ukoo mzima hukutana. Jamaa zake walimlaumu kwa kuwa hakuwashauri kwanza. Wengine walidhani amekataliwa na mchumba, wengine walisema amekata tamaa kwa kuwa sifa zake haziendi upesi. Widor, aliyempenda kama mwana, alimfananisha na jemadari atakaye kwenda vitani na bunduki begani kama askari wa kawaida. Twaona ya kuwa Widor hakusema neno la kipumbavu. Palikuwa na watu wengi wawezao kufunga vidonda, na wachache sana wawezao kufanya yale aliyoyafanya Schweitzer. Ni shauri zito, wala hatupendi wale wasimuliao habari hizi kana kwamba waliompinga walikuwa maadui. Yeye mwenyewe aliona ya kuwa maneno yake mengi yametosha. Alitaka kazi ambayo ndani yake aweza kutenda bila kusema.

Basi mwisho wa mwezi wa Oktoba aliingia darasani. Profesa Fehling, mkuu wa waganga katika chuo kile, aliona afadhali ampeleke kwa mwenzake atibuye wenye wazimu. Tena palikuwa na kizuizi cha sheria, kwa kuwa mtu aliye mwalimu wa chuo hawezi kuandikwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho. Mwisho serikali ilimruhusu kufanya mitihani kwa vyeti vya maprofesa, na maprofesa wenyewe, kwa kuwa ni mwenzao, walimwacha asikilize bila kulipa ada.

Miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya kuchoka. Aliendelea kufundisha theologia, na kuhubiri karibu kila Jumapili, na kwenda Paris kupiga kinanda. Ule ukuu wa nyumba ya wanafunzi tu aliuacha mwaka 1906. Usiku alisoma habari za mifupa na damu. Alitambua ya kuwa kichwa cha mtu wa miaka 30 hakishiki mambo kama kichwa cha kijana wa miaka 20. Tena alikuwa na kiburi kidogo: hakutaka kujifunza kwa kukariri majibu ya mitihani kama vijana wafanyavyo, alitaka kuyajua mambo yenyewe. Majuma ya mwisho kabla ya mtihani wa kwanza, wanafunzi wenzake walimshawishi aingie katika kundi lao la kukaririshana. Humo akajua kila profesa hupenda kuuliza nini, na hupenda kujibiwa namna gani. Akafaulu kuliko alivyotumaini. Twapenda sana habari hii ndogo: mwalimu wa chuo kikuu, mwenye vitabu vyake madukani, ameketi katikati ya vijana wanaomfundisha jinsi ya kupita mtihani.

Mtihani mkuu wa udaktari aliumaliza mwezi wa Desemba mwaka 1911. Ada yake aliilipa kwa fedha aliyoipata kwa kupiga kinanda katika sikukuu ya muziki mjini Munich. Kazi ya kwanza iliilipia kazi ya pili, na hivyo ndivyo ilivyoendelea kuwa maisha yake yote.

Mwaka 1912 alimwoa Helene Bresslau. Bibi huyu naye alikuwa ameacha kazi njema, kwa maana alikuwa msimamizi wa watoto yatima wa mji wa Strasbourg, akaiacha mwaka 1909 ili ajifunze uuguzi. Habari zake husimuliwa kwa maneno machache mno. Lakini pale Lambaréné yeye ndiye aliyetunza vyombo vya upasuaji na vitambaa vya vidonda, na kuwalaza wagonjwa kwa dawa ya usingizi.

Hata alipokwisha kuwa daktari, mlango haukufunguka mara moja. Wakuu wa Misheni ya Paris waliogopa theologia yake, maana alikuwa ameandika mambo ambayo wengi wao hawakuyakubali. Alimwendea kila mmoja nyumbani kwake, kisha akaahidi ya kuwa atatibu tu, na katika mambo ya mafundisho atakaa bubu. Fedha ya dawa na vyombo aliiomba yeye mwenyewe nyumba kwa nyumba, akaona jinsi nyuso za wenyeji zinavyobadilika wakitambua ya kuwa mgeni hakuja kuwaamkia tu.

Wakaondoka Günsbach Ijumaa Kuu ya mwaka 1913 na masanduku 70, wakafika Lambaréné katika mto Ogowe tarehe 16 Aprili. Nyumba ya mabati aliyoahidiwa haikuwako, kwa kuwa wafanya kazi wote walikuwa wamekwenda kukata miti ya biashara. Mwalimu mmoja aliyewekwa awe mkalimani hakutokea. Lakini wagonjwa walikwisha kusikia, nao walikuja kwa mitumbwi kutoka mbali. Daktari akaanza kuwatibu nje juani mbele ya nyumba yake. Kila ilipokuja mvua ya jioni, vitu vyote vilikimbizwa barazani. Mwisho akalitazama banda la kuku la zamani lisilotumika. Akalisafisha, akalipaka chokaa, akatia rafu za dawa, na humo akaifanya kazi aliyoisomea miaka saba. Katika miezi 9 ya kwanza alitibu karibu wagonjwa 2,000, wenye homa, ukoma, malale, kuhara damu, buba, ngiri na madonda ndugu.

Katika wagonjwa hao alitokea mtu mmoja jina lake Joseph Azoawani. Alikuwa mpishi wa Wazungu zamani, mwenye kujua Kifaransa, Kiingereza na lugha kadhaa za nchi ile. Akawa mkalimani na msaidizi wa daktari. Viungo vya mwili alivitaja kwa maneno ya jikoni: mgonjwa huyu anaumwa paja la kondoo la kulia, na yule ana maumivu katika sarara. Kusoma hakujua, lakini alizishika chupa zote kwa sura ya maandishi yake, akaitoa dawa aliyoagizwa bila kukosea. Zaidi ya hayo alimfundisha daktari desturi za watu, na mambo ambayo hakuna profesa wa Strasbourg angaliweza kuyafundisha. Wenyeji walimwita daktari Oganga. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa maana ya neno hilo. Jina la kazi yake mpya hakulichagua mwenyewe. Alilikuta, na heshima yake na hofu yake zikiwamo.

Ile ahadi ya kukaa bubu haikudumu sana. Wamisionari waliomwona akifanya kazi walimfungua katika neno lake, wakamwomba ahubiri. Na kinanda? Alikuwa amekata shauri kuuacha muziki kabisa. Lakini Chama cha Bach cha Paris kilikuwa kimempa piano yenye pedali za miguu kama za kinanda cha kanisa, iliyokingwa kwa zinki dhidi ya unyevu na mchwa. Akaona ya kuwa katika upweke wa msitu aweza kujifunza nyimbo kwa moyo kuliko alivyoweza katika haraka ya Ulaya. Basi akapiga kila jioni kazi ilipokwisha.

Vita vilipoanza mwaka 1914 alifungwa nyumbani mwake, kwa kuwa alikuwa raia wa Ujerumani katika koloni la Ufaransa. Kwa miezi kadhaa alikatazwa kutibu. Fedha ilipopungua, mshahara wa Joseph ulikatwa kutoka faranga 70 kwa mwezi hadi 35, naye Joseph akaondoka. Wako waliomlaumu, sisi hatumlaumu, maana alijua thamani ya kazi yake. Mwaka 1917 daktari na mkewe walipelekwa Ufaransa kama mahabusu, wakarudi kwao mwaka 1918 wakiwa wagonjwa. Mwezi wa Aprili mwaka 1924 alifika tena Lambaréné, akakuta msitu umeimeza hospitali. Joseph akamrudia. Hapo alipaswa kuanza kazi ya tatu, ya ujenzi. Asubuhi alikuwa daktari, mchana aliwasimamia wakata miti na wachimba mashimo, hata mwezi wa Januari mwaka 1927 wagonjwa wakahamishiwa hospitali mpya.

Lipo jambo ambalo hatuwezi kulipita. Schweitzer alimwita Mwafrika ndugu yake, lakini ndugu mdogo. Miaka mingi ilipita, shule zikaongezeka, Gabon ikapata uhuru wake mwaka 1960, naye katika hospitali yake aliendelea kuwa mwenye kuamua kila neno. Mtu aliyekubali kufundishwa na vijana kule Strasbourg, na kuongozwa na mpishi katika banda la kuku, hakuweza kuona ya kuwa yule ndugu amekua. Twasema haya bila kupunguza shukrani yetu kwa mitumbwi yote iliyorudi nyumbani ikiwa na watu waliopona.

Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1952 alikabidhiwa mwaka uliofuata, na fedha yake akaitumia kwa kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Bibi Helene alifariki mwaka 1957, na majivu yake yakaletwa Lambaréné. Daktari alifariki huko huko tarehe 4 Septemba 1965, akiwa na miaka 90, akazikwa karibu na mkewe, hatua chache kutoka mto Ogowe.