John Bonica: Mwanamieleka Aliyewapigania Wenye Maumivu

Wengi wetu tuishio Ulaya na Marekani tumekisikia kisa hiki, au kimetupata wenyewe. Mtu anaumwa mgongo miaka mitatu, anapigwa picha za kila aina, anabadilishiwa dawa, na mwishowe daktari anamwambia aende darasani mara moja kwa juma akajifunze namna ya kuishi na maumivu. Anarudi nyumbani amenuna. Anaumwa, halafu anaambiwa akasome! Anaona amefanywa mwongo, au mgonjwa wa akili. Lakini darasa hilo lina historia yake, na katika historia hiyo yumo pande la mtu lenye masikio yaliyokunjamana kwa mieleka.

John Bonica alizaliwa mwaka 1917 katika kisiwa kidogo cha Filicudi, karibu na Sicily, Italia. Mwaka 1927 familia yake ilihamia New York. Baba yake alifariki miaka michache baadaye, na kijana akawa anang'arisha viatu na kuuza magazeti na matunda ili nyumbani wapate kula. Nguvu alikuwa nazo, basi akaingia mieleka ya shule na kisha ya kulipwa. Fedha za ulingoni zilimsaidia kusomea udaktari Chuo Kikuu cha Marquette, akamaliza mwaka 1942. Ulingoni alitumia jina la bandia, na baadaye kinyago, ili wakubwa zake wasimjue.

Mwaka 1943 mkewe Emma alipokuwa anajifungua mtoto wao wa kwanza, alipewa nusukaputi ya etha na daktari asiye na uzoefu. Alitapika na kupaliwa, nusura afe. Bonica mwenyewe aliingia akamzibua njia ya hewa. Tangu siku hiyo akawa mpiganaji mkubwa wa sindano ya ganzi ya mgongoni kwa wazazi, jambo ambalo leo hospitali nyingi duniani zinaliona la kawaida.

Mwaka uliofuata jeshi lilimpeleka hospitali ya Madigan, jimbo la Washington, kusimamia usingizi wa wagonjwa wa upasuaji. Huko alikutana na askari waliomchanganya akili. Jeraha limepona, maumivu yapo. Mguu umekatwa, lakini mtu analia vidole vinamuuma. Bonica alifungua vitabu vya udaktari kutafuta jibu na akakuta karibu hakuna kitu: kwa hesabu yake, katika kurasa 14,000 zilizohusu maumivu hazikufika 18. Akaanza kuwakusanya mabingwa wa mifupa, wa neva na wa akili wakati wa chakula cha mchana, wakamjadili mgonjwa mmoja kwa pamoja. Wazo ni jepesi, lakini kabla yake mgonjwa alitupwa kutoka ofisi hii hadi ile, na kila mmoja akisema si yake.

Baada ya vita aliendeleza kazi hiyo mjini Tacoma, na mwaka 1953 akatoa kitabu kikubwa, The Management of Pain, chenye kurasa zaidi ya 1,500. Mwaka 1960 alihamia Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na kliniki yake ya maumivu ikawa shule ya madaktari kutoka kila pembe.

Hapo Seattle ndipo anapoingia mwanasaikolojia Wilbert Fordyce, na ndipo darasa linapozaliwa. Fordyce hakudai kwamba maumivu ni ya uongo. Alichosema ni kwamba maumivu yakishakuwa sugu, mtu hujifunza mazoea yanayomzidishia ulemavu: kulala, kuogopa kuinama, kumeza dawa kila anapoumia. Kwake dawa zilitolewa kwa saa, si kwa kilio. Mgonjwa alitembea hatua zilizopangwa, si mpaka auumwe ndipo asimame, na kesho aliongezewa kidogo. Ndugu nao walifundishwa wasimfanyie kila kitu. Hili la mwisho kwetu ni gumu. Sisi tumelelewa kwenye pole. Mgonjwa hashiki ufagio, na anayemwachia ashike atasemwa mtaa mzima. Fordyce alishikilia kwamba huruma ya namna hiyo, ikidumu miaka, humfunga mtu kitandani. Nadhani alikuwa mkali kupita kiasi, na madarasa ya siku hizi yamelegeza mengi, lakini kupanga kazi kwa kiasi bado ndio uti wa mgongo wake.

Mwaka 1973 Bonica aliita wataalamu zaidi ya 300 huko Issaquah, karibu na Seattle, na mkutano huo ukazaa chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu. Chama hicho kinatamka wazi kuwa maelezo ya mgonjwa kuhusu maumivu yake yaheshimiwe.

Waliomsikiliza wakati huo wengi hawakujua kwamba msemaji mwenyewe anaumwa. Mieleka ilimharibu mabega, nyonga na mgongo. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 20, akabadilishwa nyonga, na uzeeni alitembea kwa magongo, mkono ukiinuka kwa taabu. Hakuwahi kupona. Aliendelea kusafiri, kufundisha na kuandika, na mwaka 1990, akiwa na miaka 73, akatoa toleo la pili la kitabu chake.

Emma alifariki kiangazi cha 1994. Bonica alimfuata wiki chache baadaye, mwezi Agosti.